WAGENI WA MASHAMBANI NA WATU WA CHUO KIKUU

(Maneno yaliyosemwa na mfanya kazi wa reli mbele ya wanachama na vibarua waliokusanyika Gachoka)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo limezungumzwa sana hapa kwa majuma mawili. Vijana wa chuo kikuu kimoja wameleta habari kwamba wangependa kuja kuwauliza maswali vibarua wa mashamba, yaani wale wanaochuma muguka huku kwetu na wale wanaoshuka Mwea kupanda mpunga na kuuvuna. Hasa wanawataka wale waliotoka mbali, wasio na shamba wala ukoo hapa. Wengine wenu wamesema watu hao wasijibiwe hata neno moja. Wengine wamesema wajibiwe yote, kwa kuwa elimu ni kitu kizuri. Mimi sikubaliani na hawa wala na wale, na nitaeleza kwa nini.

Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni ninayemsema hapewi hata hizo siku mbili. Anashuka kwenye gari jioni, na alfajiri yumo shambani. Chumba anacholala ni cha tajiri wake. Kuni anazopikia ni za tajiri wake. Akifukuzwa kazi asubuhi, jioni hana pa kulala, wala hapa hana mjomba wa kumwendea. Mwenyeji akigombana na tajiri huenda kwao akalala, kesho akatafuta shamba jingine. Basi mgeni akiulizwa swali na kijana mwenye kalamu, jambo la kwanza analojiuliza ni hili: nani amemtuma huyu, na maneno yangu yataishia kwenye sikio la nani? Ndugu zangu, msimwite mtu huyo mjinga. Swali lake ni la maana kuliko mengi yaliyomo katika karatasi ya yule kijana.

Wengine hufikiri kwamba watu wa chuo kuwachungua vibarua wa kigeni ni jambo jipya lililoletwa na mambo ya siku hizi. Sivyo. Hapa Afrika ya Mashariki jambo hilo lina zaidi ya miaka 70. Katika miaka ya kwanza ya 1950 kulikuwa na chuo cha uchunguzi wa mambo ya jamii huko Makerere, Kampala, na mkuu wake alikuwa Bibi mmoja Mwingereza, Audrey Richards. Yeye na wenzake walifanya kazi kubwa ya kuwachungua vibarua waliokuwa wakiingia Buganda kutoka Rwanda na Burundi, nchi ambazo wakati huo zilitawaliwa na Wabelgiji. Watu hao waliingia kwa maelfu kila mwaka, wengi kwa miguu, siku nyingi njiani. Walikimbia kodi, walikimbia kazi za kulazimishwa na machifu, na Rwanda walikimbia pia njaa kubwa ya mwaka 1943 na 1944. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilionyesha kwamba karibu theluthi moja ya wakazi wa Buganda hawakuwa Waganda.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa pana jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Vibarua hao hawakuwa wakifanya kazi katika mashamba makubwa ya Wazungu, kama ya mkonge au ya chai. Wengi walifanya kazi kwa mkulima wa Kiganda mwenye shamba dogo la pamba au la kahawa, ambaye mwenyewe hakuwa mtu wa mali nyingi. Alimwajiri mpakasi mmoja au wawili, akawapa mahali pa kulala na chakula, na fedha wakazipata pamba ilipouzwa. Wengine walikusanya fedha kidogo, wakanunua nguo wakarudi kwao. Wengine walibaki, wakapewa kipande cha ardhi na kukilipia, wakajifunza Kiganda, wakachukua majina ya Kiganda, na watoto wao wakawa Waganda kama wengine.

Tazameni hapa Gachoka. Tajiri wa muguka ni nani? Si kampuni. Ni jirani yetu mwenye ekari mbili au tatu, ambaye kanisani hukaa kiti kimoja na sisi, na bei ya muguka ikianguka naye huanguka. Mwezi wa Mei mwaka 2024, kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipopiga marufuku muguka, aliyelala njaa kwanza si mwenye shamba. Ni mchumaji, kwa sababu yeye hulipwa kwa alichochuma, na siku isiyo na soko hakuna cha kuchuma. Mahakama Kuu ya Embu ilisimamisha marufuku ile mwezi huo huo, lakini siku zilizopita bila kazi hazikulipwa na mtu. Chama cha wafanya kazi wa mashamba makubwa, kile cha KPAWU kilichoanzishwa mwaka 1963, kinajua namna ya kuketi mezani na kampuni yenye vibarua elfu mbili. Lakini utaketi vipi mezani na matajiri mia tano wenye vibarua wanne kila mmoja? Huyo Bibi wa Makerere aliliona jambo hili zamani, na hatujapata dawa yake bado.

Lakini kitabu chake kilipigwa chapa Cambridge mwaka 1954, kwa Kiingereza. Aliyetembea kwa miguu kutoka Rwanda hakukisoma. Nayo nasema ni hasara, kwa sababu mle ndani mlikuwa na habari za maisha yake mwenyewe ambazo zingemsaidia kudai haki.

Juu ya Tanganyika nitapita upesi, ingawa kwa mtu wa reli ni habari inayogusa. Vibarua wa mkonge waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Wengi walitoka Kigoma na nchi za ng'ambo, wakapakiwa katika Reli ya Kati kuelekea mashariki. Wakati huo Reli ya Kati na reli ya Tanga zilikuwa hazijaunganishwa. Ziliunganishwa mwaka 1963. Kwa hiyo waliokwenda Tanga walishushwa, wakamalizia safari kwa malori. Watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nao ni Walter Rodney, Kapepwa Tambila na Laurent Sago, waliandika habari hizo katika kitabu kilichotoka mwaka 1983, wakati Rodney alikuwa amekwisha kuuawa kwao Guyana. Hao hawakuandika kwa kumsaidia mwenye mkonge apate vibarua. Waliuliza ni kwa nini nchi moja ilifanywa kuwa ghala la watu, na nchi nyingine ikafanywa kuwa shamba. Swali ni lile lile moja, lakini anayeuliza akisimama upande mwingine, jibu linabadilika.

Sasa twende Mwea, ambako wengi wenu mmekanyaga matope yake. Mashamba yale ya mpunga yalianza kuchimbwa wakati wa Hali ya Hatari, katikati ya miaka ya 1950, na mifereji ya kwanza ilichimbwa kwa mikono ya watu waliofungwa kizuizini. Baadaye wakaletwa wakulima, wengi wao watu wasio na ardhi, kila mmoja akapewa ekari nne. Hawakupewa hati. Walipewa ruhusa tu, na sheria za mwaka 1962 zilimpa meneja uwezo mkubwa juu yao. Aliyeshindwa kufuata amri za maji na za kupanda aliweza kuondolewa. Hao nao walikuwa wageni mashambani, ingawa waliitwa wakulima.

Mwaka 1973 kikatoka kitabu kikubwa juu ya Mwea, kilichotengenezwa na Robert Chambers na Jon Moris. Ndani yake mna sura iliyoandikwa na Jane Hanger pamoja na huyo Moris, juu ya wanawake na mambo ya nyumbani. Mabwana wa mpango walikuwa wakijisifu kwamba Mwea ni mpango uliofaulu kuliko mingine yote: mpunga unatoka, mikopo inalipwa, mifereji inapita maji. Hanger alikwenda kuwauliza wanawake. Akakuta kwamba mwanamke wa Mwea anafanya kazi ya mpunga pamoja na mumewe, lakini fedha zikija zinakwenda kwa mume, kwa kuwa jina lililoandikwa ni lake. Bustani ya kupanda mahindi na maharagwe, ambayo kwao ingekuwa yake mwenyewe, ilikuwa ndogo au hakuna. Kuni, ambazo kwao angeziokota, Mwea ilimpasa kuzinunua. Na fedha za kununulia kuni azipate wapi? Alipewa gunia za mpunga na mumewe, auze mwenyewe apate cha kupikia. Wako wake waliochoka, wakarudi kwao.

Mimi nasema sura ile moja ina faida kuliko taarifa zote za meneja za miaka kumi. Kwa nini? Kwa sababu aliuliza mtu ambaye hakuandikwa katika daftari. Na leo katika mashamba ya muguka, ni nani hajaandikwa? Ni yule mama anayechuma pamoja na watoto wake wawili, na kilo zote zikahesabiwa kwa jina la baba.

Huyo Chambers tumemkaribia sana hapa. Katika miaka ya kwanza ya 1970 serikali ilijaribu mpango maalum wa maendeleo ya mashambani katika sehemu sita za nchi, na Mbere ilikuwa moja ya hizo sita. Watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipewa kazi ya kuuchungua na kuupima. Chambers alikuwa miongoni mwao, na miaka kumi baadaye, mwaka 1983, akaandika kitabu ambacho ndani yake aliwakosoa wenziwe wenye elimu bila kuwaonea haya. Alisema hivi kwa maana yake: mgeni wa mjini anakuja kwa gari, hivyo anaona walio karibu na lami. Anakuja wakati wa kiangazi barabara ikiwa kavu, hivyo haoni njaa na homa za wakati wa mvua. Anaonyeshwa mradi ulio mzuri. Anazungumza na wanaume wenye vyeo. Anaona haya kuuliza neno litakalomuudhi mwenyeji wake. Jioni anarudi, amejifunza sana, na maskini hajamwona.

Kama hao vijana watakuja, basi waje mwezi wa Aprili, matope yakifika magotini. Wasije Agosti.

Nina mfano mwingine, wa Kericho, na huu una pande mbili. Watu wa Chuo Kikuu cha Boston cha Marekani walichungua wachumaji wa chai waliokuwa na virusi vya ukimwi. Hawakutumia maneno mengi. Walichukua daftari za mizani, ambamo kilo za kila mchumaji huandikwa kila siku. Katika matokeo waliyoyatoa mwaka 2004 walionyesha kwamba mtu aliyeugua, katika mwaka mmoja na nusu wa mwisho kabla ya kufa au kuacha kazi kwa ugonjwa, alichuma kilo 4 hadi karibu 8 kwa siku chini ya wenzake. Baadaye wakaonyesha kwamba waliopewa dawa za kupunguza makali walipata nguvu za kazi tena. Upande mmoja, habari hizo zilimpa kila mtu wa chama neno la kumwambia tajiri: mtibu mtu wako, atafanya kazi. Upande wa pili, fikirini. Zile kilo ni zangu, jasho langu, nazo zinaweza kumwambia mtu mwingine kwamba mimi ni mgonjwa kabla sijamwambia mke wangu. Kwa hiyo si neno dogo kujua nani anaifungua daftari ile, na jina la mtu linafichwa namna gani.

Na sasa Marekani, kwa sababu wako wanaosema kwamba mambo haya yanawezekana Ulaya na Marekani peke yake, na wako wanaofikiri kwamba huko kibarua hana shida. Katika bonde la Salinas, huko California, mboga na stroberi huchumwa na watu waliotoka Meksiko, wengi wao bila karatasi za kukaa nchini. Mwaka 1999 na 2000, watu wa Chuo Kikuu cha California, cha Berkeley, wakiongozwa na Brenda Eskenazi, waliandika wanawake 601 wenye mimba na kuanza kuwafuata wao na watoto wao. Waliuita uchunguzi huo CHAMACOS, jina ambalo kwa Kispanyola cha Meksiko maana yake ni watoto wadogo. Wakapima mkojo wa akina mama kutafuta dawa za kuua wadudu. Watoto walipofika miaka 7 ikaonekana kwamba wale ambao mama zao walikuwa na dawa nyingi mwilini wakati wa mimba walipata alama pungufu katika majaribio ya akili.

Jambo la kusifu ni walilofanya baada ya hapo. Walirudi kwa wale akina mama na matokeo, kwa Kispanyola, katika mikutano. Walijaribu pia, pamoja na wachumaji wa stroberi, kuona kama glovu, kunawa mikono kabla ya chakula, na kuvua nguo za kazi kabla ya kuingia nyumbani kunapunguza dawa inayobebwa kwenda kwa watoto. Na moja ya dawa zilizokuwa katika uchunguzi wao, inayoitwa klorpirifosi, serikali ya California ilikataza isiuzwe tena tangu mwaka 2020. Sisemi uchunguzi mmoja ndio uliofanya hivyo peke yake. Vyama na wanasheria walipigana miaka mingi. Lakini walipokwenda kupigana walikuwa na karatasi mkononi.

Sisi hapa, akina mama hubeba watoto mgongoni wakichuma majani yaliyopulizwa dawa. Ni dawa gani? Ilipulizwa lini? Mchumaji haambiwi. Hilo ni swali ambalo sisi hatuwezi kulijibu kwa kura ya mkono. Linahitaji mtu mwenye mashine ya kupimia. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na ndugu aliyesema watu wa chuo wafukuzwe kabisa. Siku hizi chuo hakiko Kampala na Nairobi tu; Chuo Kikuu cha Embu kilipata hati yake mwaka 2016, na mtu anaweza kwenda na kurudi kwa siku moja. Tusipowapa maswali yetu, watakuja na yao.

Nitaje na sheria, kwa kuwa bila sheria maneno haya ni hewa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kwamba kibarua ni mtu anayelipwa kila mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Lakini kifungu cha 37 kinasema kwamba kibarua huyo akifanya kazi mfululizo siku ambazo kwa jumla hazipungui mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haitazamiwi kumalizika chini ya miezi mitatu kwa jumla, basi ahesabiwe kuwa mtu wa kulipwa kwa mwezi, mwenye haki ya kupewa taarifa kabla ya kufukuzwa. Ni sheria nzuri. Lakini mbele ya hakimu utathibitishaje hizo siku? Zamani, katika mashamba ya walowezi, kibarua alikuwa na kadi ya siku 30, kila siku ikapigwa alama. Kadi ile ilikuwa mnyororo, wazee wetu waliichukia na walikuwa na haki kuichukia. Hata hivyo ilikuwa imeandikwa. Mchumaji wa muguka leo hana mnyororo ule, na hana hata kipande cha karatasi cha kuonyesha kwamba alikuwapo.

Hapo ndipo ninapowataka hao vijana. Wakija na madaftari yao, mgeni naye apewe daftari lake. Kila siku atie tarehe, shamba na kilo, na tarakimu zile zile zikae kwao na kwake. Wao watapata uchunguzi wao, naye atakuwa na kitu cha kuweka mezani.

Kamati imekubali mambo machache, nami nimeambiwa niyatangaze. Wachunguzi waonyeshe kwanza kibali cha NACOSTI, ambacho sheria ya mwaka 2013 inamtaka kila mchunguzi awe nacho. Wasiandike jina la kibarua wala la shamba mahali pamoja na majibu yake. Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu iko upande wetu katika hilo. Wasiletwe shambani na tajiri, na maswali yasiulizwe mbele yake. Wanawake waulizwe na wanawake, mbali na waume zao. Mtu akikataa kujibu asiulizwe sababu. Na kabla ya kitabu chochote kuandikwa kwa Kiingereza, matokeo yasomwe hapa hapa, kwa Kiswahili na Kimbeere, na mtu aweze kusimama aseme: hapo mmekosea.

Hili la mwisho ndugu mmoja alisema litawachukiza. Kama litawachukiza, ni heri tujue mapema.

Mkutano pamoja nao tumeomba uwe Jumapili baada ya ibada, wala si siku ya soko, na usifanywe katika boma la mwenye shamba yeyote. Maswali ya dawa za kupuliza yamekwisha andikwa na yako kwa katibu. Anayetaka swali lake liongezwe amwone kabla ya Ijumaa. Asiyejua kuandika ataandikiwa, na jina lake halitawekwa.